Kitanda Kimoja Melini

Kabla sijampatia mama yangu meli, nilimtafutia mtu wa kushiriki naye chumba, tena nilimtafutia kanisani, kwa tangazo. Huo ndio ujinga wenyewe. Nauweka hapa mbele kabisa usije ukasimuliwa na mtu mwingine, kwa sababu Noonkopir hii, mtaa wetu wa Kitengela, hata mbuzi wameshausikia.

Tangazo niliandika mwenyewe, kwa ule mwandiko wangu wa insha, nikampa katibu wa kanisa kabla ya ibada. Katibu wetu husoma chochote alichopewa. Ukimpa chupa ya dawa ya ng'ombe atasoma mpaka pale pameandikwa "tikisa kabla ya kutumia". Basi baada ya sadaka, katikati ya tangazo la harusi na tangazo la sweta iliyosahaulika, akasoma:

"Mama mmoja wa ushirika huu, mpole, asiyekoroma, anatafuta mama mwenzake wa kushiriki naye chumba ndani ya meli mwezi wa kumi na mbili. Awe msafi. Walio tayari wamwone kijana wake baada ya ibada."

Kanisa lilinyamaza vile huwa linanyamaza pasta akitaja fungu la kumi. Halafu katibu, kwa roho yake nzuri, akaongeza la kwake: "Kijana, hebu simama wakuone."

Nikasimama. Hata nikapunga mkono.

Mama alikuwa benchi ya tatu. Hakugeuka. Ni shingo tu iliyosimama wima, na mimi nimeishi na hiyo shingo maisha yangu yote. Ikisimama hivyo, chakula cha jioni ni cha kujitafutia.

Sasa turudi nyuma kidogo, ujue meli ilitoka wapi, maana Kitengela maji yenyewe tunauziwa kwa mkokoteni.

Mama yangu anashona katika kiwanda kimoja cha nguo kule Athi River. Kazi yake ni mfuko wa nyuma wa kushoto. Si suruali, ni mfuko. Wa kulia ni wa mama mwingine. Ukivaa jinzi huko ng'ambo na ukaweka pesa zako nyuma upande wa kushoto, jua umemwekea mama yangu amana. Hizo suruali zikishamalizika hupangwa ndani ya kontena, kontena huenda Mombasa, na Mombasa hupandishwa meli. Jioni moja mama akiosha miguu kwa karai, akasema, "Suruali zote hizi zimepanda meli. Mimi niliyezishona hata kuiona sijaiona."

Nikamwambia, "Mwaitu, jishone ndani ya mfuko." Sisi Wakamba mama tunamwita mwaitu, hata tukiwa tunamfanyia mzaha.

Akacheka. Mama yangu akicheka hutikisika mabega tu, sauti hubaki ndani. Halafu akaacha kucheka, akasema kama mtu anayeongea na karai: "Nataka kulala melini. Usiku mmoja tu. Peke yangu."

Hilo neno la mwisho nililisikia vizuri kabisa, na bado nikaenda kufanya vile nilivyofanya.

Peke yake ilikuwa na maana. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, na tangu hapo safari za mama zote zilikuwa za kwenda kuzika, kuozesha au kuombea mtu, kwa kawaida Machakos. Na katika kila safari alikuwa amebebeshwa. Kama si sufuria ya kikundi, ni nyanya wa mtu mwenye magoti mabaya. Kama si nyanya, ni mtoto. Sijawahi kumwona mama ameketi kwenye gari bila mtoto wa mtu mapajani. Watu wanamwona tu wanamkabidhi, kama kabati.

Kazi ya kutafuta alinipa mimi. "Si wewe ndiye unajua kompyuta? Kiwanda kinafungwa wiki mbili mwezi wa kumi na mbili. Nitafutie meli ya bei yetu. Na usimwambie mtu."

Nikaapa. Nilikuwa kidato cha pili, nimefunga shule Agosti, na kuapa wakati huo hakukuwa na gharama.

Saiba yetu ilikuwa juu ya bucha, kwa hivyo ulikuwa unaingia kwenye intaneti ukinukia matumbo. Kulikuwa na kompyuta tatu, mbili zinafanya kazi, na ulilipa kwa dakika. Picha za meli zilikuwa zinashuka kutoka juu kwenda chini, polepole, kama mzee anayeshuka ngazi. Kwanza ilikuja anga. Unalipa, unangoja. Inakuja ncha ya bomba la moshi. Unangoja. Inakuja safu ya kwanza ya madirisha. Hapo dakika zako zinaisha na mwenye saiba anakugonga bega. Likizo nzima nilitazama meli, na bahari sikuwahi kuifikia.

Lakini maandishi yalifika, na niliyasoma yote. Bei iliandikwa kwa herufi kubwa, ya kumfanya mtu aseme kumbe inawezekana. Chini yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, waliandika kwamba hiyo ni bei ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Ukija peke yako, unalipia vitanda vyote viwili.

Nilimpelekea mama habari hiyo akiwa anapepeta maharagwe.

"Yaani nilipie mtu ambaye hayuko?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Na huyo ambaye hayuko, atakula?"

"Atakulaje na hayuko?"

"Basi analipiwa ya nini?"

Ningempelekea mwalimu wetu wa hesabu hilo swali, angelitoa nje ya darasa.

Nikarudi saiba kutafuta njia za panya. Nilipata meli ambazo huuza vyumba vilivyobaki kwa bei ya kutupa, siku chache kabla ya kung'oa nanga. Vizuri, lakini ilibidi uwe umekaa karibu na bandari na sanduku liko mkononi. Sisi tulikuwa karibu na kiwanda cha simiti. Nilipata nyingine ambayo ilisema kabisa kwamba msafiri wa peke yake hatozwi cha ziada. Nikaruka kwenye kiti mpaka mwenye saiba akaniangalia. Kusoma mbele, nikaona inaondokea Ulaya. Yaani ili upande meli ya bei nafuu, kwanza upande ndege.

Kwa hivyo nilipofikia lile tangazo la kanisa, sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimepiga hesabu. Shida ni kitanda kitupu, dawa ni kukijaza. Nani asiye na mpango Desemba? Nikaona kanisa zima limejaa akina mama. Hilo neno "peke yangu" nililipitia kama mtu anavyopita kibao cha "usikanyage nyasi".

Tulipotoka ibadani siku hiyo mama alitembea mbele, mimi nyuma. Mlangoni akasema, "Nilikwambia peke yangu." Akaingia. Afadhali angenichapa, ningelia kidogo yaishe.

Hayakuisha. Jumamosi iliyofuata walikuja.

Mbele alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mama mmoja kutoka Murang'a mwenye duka la mabati na misumari kando ya barabara ya Namanga. Sauti yake imezoea kushindana na malori. Nyuma yake akina mama kama kumi hivi, na sufuria. Ukiona akina mama wa Noonkopir wanakuja na sufuria yao wenyewe, ujue umeshaundiwa kamati.

Habari yenyewe hawakuwa wameishika vizuri hata mguu mmoja. Kwa wengine, mama alikuwa anaenda ng'ambo kabisa, kuhamia. Mmoja alikuwa ameanza kulia.

Halafu akaingia mwenye ploti tuliyopanga, mzee wa Kimaasai anayekaa upande wa pili wa ua, akimvuta mbuzi kwa kamba. Niliinamisha kichwa akakigusa, kama inavyotakiwa.

"Takwenya, yeyo," akamsalimu mama.

"Iko," mama akaitikia.

"Nimesikia msafiri. Msafiri hatoki hapa kwangu na tumbo tupu."

"Mzee, hata sijaenda popote."

"Mbuzi pia hajaenda popote. Mtaenda pamoja."

Mbuzi akafungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Mwenyekiti akafungua mkutano kwa maombi marefu, akaombea meli, akaombea nahodha, akaombea samaki wawe mbali. Ndipo akasema, "Atiriri, sikilizeni. Huyu mwenzetu anatafuta mtu wa kulala naye chumba. Nani yuko tayari?"

Mikono sita ikapanda. Ndio ulikuwa mwanzo wa vita.

"Wewe unakoroma, tulilala na wewe kesha ya Pasaka, hata mapepo hayakukaribia."

"Na wewe je? Unaamka saa kumi kuimba!"

"Mimi nikipanda tu bembea natapika, lakini naweza jaribu."

Mama alikuwa anazunguka na birika. Nilimwangalia kila alipomimina kikombe. Hakumwaga hata tone, na hakuinua macho.

Mwenyekiti alipoona mikono sita haitoshi kitanda kimoja, akatoa hukumu. "Hakuna kubaguana. Tutaenda wote. Tukodishe basi, twende Mombasa, pale Likoni kuna feri, inavusha watu bure. Tunaenda ng'ambo, tunarudi, tunaenda, tunarudi, mpaka roho zitosheke. Hiyo si meli?"

Wakapiga vigelegele. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika nzima niliona ni akili sana. Likizo yote nimetafuta meli ya bei nafuu, na huyu mama wa misumari ameipata ya bure bila kompyuta.

"Asanteni," mama akasema.

Mama yangu akisema asante bila kuongeza neno lolote, hiyo si asante. Niliangalia lile basi akilini mwangu nikamwona ameketi ndani, sufuria miguuni, mtoto wa mwenyekiti mapajani, mwingine begani. Zile wiki mbili za Desemba ndizo pekee alizokuwa nazo mwaka mzima, na nilikuwa nimezigawa kanisani kama mkate mtakatifu. Hangekataa. Utakataaje watu waliokuletea mbuzi?

Muhula wa tatu ukafunguliwa, nikarudi Kajiado, shule ya bweni, na hilo jambo nikalibeba ndani ya sanduku pamoja na sabuni. Nilipunguza hata mizaha. Mwalimu wa zamu akauliza kama nina malaria.

Wa kuniponya alikuwa deski-meti wangu, kijana wa Namanga, mtu wa maneno machache ambaye hucheka kwa pua. Siku moja kwenye maandalio ya jioni nikamsimulia kila kitu. Akasikiliza akichonga penseli.

"Shangazi yangu hulala kwa meli karibu kila mwezi," akasema.

"Acha uongo."

"Anaenda Mwanza kununua dagaa. Wakati mwingine anavuka ziwa mpaka Bukoba. Meli inatoka jioni, inafika asubuhi. Iko na vyumba, iko na vitanda, iko na mtu wa kuuza chai."

"Na chumba analipia na nani?"

"Na nani tena? Halipii chumba, analipia kitanda."

"Kitanda kimoja?"

Akaniangalia kama mtoto wa darasa la kwanza. "Buda, ama unataka alalie viwili?"

Nilicheka mpaka nikatolewa nje, na huko nje nikaendelea kucheka. Likizo nzima nilikuwa nimetafuta meli kwenye bahari za watu, zile zenye mabwawa ya kuogelea juu, kana kwamba mtu aliye kwenye maji anahitaji maji mengine. Na meli ilikuwa kwenye ziwa, mwisho wa barabara hii hii inayopita mbele ya geti letu la shule. Unapanda basi, unavuka mpaka wa Namanga kwa karatasi ya kupita, unalala Arusha, unaenda Mwanza. Mbali, ndiyo, unaketi mpaka makalio yanasahau jina lake. Lakini kitanda kimoja, mtu mmoja, nauli moja.

Katikati ya muhula tulipewa siku za kwenda nyumbani. Mama alikuwa anashonea jirani sketi, taa iko karibu na uso. Nikamweleza yote bila mzaha hata mmoja, na hilo peke yake lilimfanya asimamishe cherehani.

"Kitanda kimoja?"

"Kimoja, mwaitu."

"Na hicho kingine?"

"Hakikuhusu. Akipatikana mtu, analipa yeye. Asipopatikana, ni shida ya meli."

Akafikiria. "Lakini ni ziwa."

"Ni ziwa ambalo huoni ng'ambo yake."

"Meli ni meli?"

"Iko na bomba, iko na nanga, inapiga honi."

Mabega yakatikisika. Halafu yakatulia. "Na kamati?"

Hapo ndipo palikuwa na mwiba. Kamati ya Kenya unaweza kuiunda kwa tangazo moja la mtoto mjinga, lakini kuivunja ni jambo ambalo sijasikia limefanyika. Na walikuwa wanakutana kwetu Jumapili hiyo hiyo.

Walipokuja walikuwa wameshafika mbali. Walikuwa kwenye rangi ya kitenge cha sare. Wengine walitaka samawati kwa sababu ya bahari, wengine walisema samawati inaonyesha uchafu. Mzee mwenye ploti alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya mbuzi, ambaye kwa wakati huo alikuwa amenona na alijua jina la kila mtu. Mimi nilikuwa naandaa vikombe. Sijui mdomo wangu ulitoka wapi. Ulinitia shimoni, na nadhani uliona haya ukataka kunitoa.

"Naomba kuuliza swali," nikasema.

"Wee mtoto, tangazo lako lilitosha," mwenyekiti akasema, na wote wakacheka.

"Ni la adabu tu. Mgeni akiondoka, husindikizwa mpaka wapi?"

"Mpaka barabarani! Hata hiyo hujui? Mnafundishwa nini huko Kajiado?"

"Na gari likija, yule msindikizaji naye hupanda?"

"Apande aende wapi? Msindikizaji anarudi nyumbani."

Mzee akaanza kucheka kabla ya wote. "Ukimsindikiza mgeni mpaka kwake," akasema, "sasa wewe ndiye mgeni. Itabidi naye akusindikize urudi. Mtazunguka hivyo mpaka ng'ombe wafe."

Kicheko kilipopita, mama alikuwa amesimama katikati yao na birika mkononi na hamimini.

"Basi mimi ndiye msafiri," akasema. "Nyinyi nisindikizeni."

"Mpaka wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Mpaka Kajiado. Kutoka hapo naenda. Kuna meli huko Mwanza inauza kitanda kimoja kimoja."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Wee! Waliongea wote kwa pamoja. Na ukigonjeka? Na wezi? Na mjane, melini, peke yake, si watu watasema?

"Watasema nimesafiri," mama akajibu. "Na kama ni kugonjeka, hapa nagonjeka kwa cherehani. Wacha nigonjeke mara moja nikiona maji."

Sauti yake haikuwa kubwa. Lakini sikuwahi kumsikia akiongea sentensi tatu mbele ya watu bila kuomba msamaha mahali. Kila mtu akamgeukia mwenyekiti, maana ndiye mwenye sauti. Nikangoja lori lipite juu yetu.

Mwenyekiti aliangalia ndani ya kikombe chake. Ana mume, ana watoto saba, na ana mama mkwe anayelala chumba cha watoto na kuamka kila wakati kuuliza kama mlango umefungwa.

"Kitanda kimoja," akasema polepole, kama mtu aliyekumbuka mahali aliacha ufunguo. Halafu akanyanyua kichwa. "Katibu wa kamati, andika. Hii sasa ni kamati ya kusindikiza. Na Likoni tutaenda sisi wenyewe Aprili. Sare ni samawati, tumemaliza."

Desemba tukamsindikiza. Mzee alitoa lori lake la ng'ombe, likaoshwa, ingawa si sana. Mbuzi alikuwa ameshatangulia, yuko ndani ya bakuli, Mungu amlaze pema, na mwenyekiti ndiye aliyeshika bakuli. Tuliimba kutoka Noonkopir, tukaimba Isinya, watu wakadhani ni harusi wakatupungia. Mama alikuwa ameketi mbele na dereva, na hapo tu ndipo nilipoona balaa jingine. Kila mtu alikuwa amemletea kitu cha safari. Chapati, mayai ya kuchemsha, blanketi, maembe, ndoo ya uji, na kuku mmoja mzima wa "kuwapa wenyeji wa huko". Tulipofika stendi ya Kajiado mzigo ulipangwa chini, na ulimfika mama kiunoni.

Basi la Arusha lilikuja katikati ya maombi. Utingo akapiga bodi, mwenyekiti naye akaongeza sauti, utingo akapiga tena, mwenyekiti akamwombea utingo. Mwisho mama mwenyewe akasema amina, kwa nguvu, na maombi yakakatika.

Aliinama. Nikadhani anaanza kubeba. Akachukua mkoba wake mdogo. Akachukua chapati za mwenyekiti zilizofungwa kwa karatasi, na mfupa mmoja wa mbuzi kwa heshima ya mzee. Kisha akamchukua kuku, akaniwekea mikononi.

"Mtunze," akasema.

Akapanda. Alipata kiti cha dirishani. Mama mmoja mwenye mtoto akaketi karibu naye, na nikaona yule mama anageuka, anasema kitu, anaonyesha mtoto. Nikafunga macho. Nilipofungua, mtoto alikuwa kwa mamake, na mama yangu alikuwa ameegemea dirisha. Mapajani alikuwa na mikono yake tu.

Nilirudi na kuku.

Siku zilizofuata watu walinifurahia sana. Mama hakuwa na simu, kwa hivyo kila mtu alikuwa na habari zake. "Kijana, mama yako ameolewa Bukoba," mwenye saiba aliniambia. Nikamwambia basi tutakula ndizi. Lakini mchana nikiwa peke yangu na yule kuku nilikuwa naenda barabarani kuangalia mabasi ya kutoka Namanga, na nikiulizwa nasema nampeleka kuku atembee.

Alirudi siku ya soko. Sikuwa hata barabarani, nilikuwa nimelala chini ya kivuli cha tangi. Nilisikia mzee anasema "Takwenya" kwa sauti ya juu kuliko kawaida, na mtu akiitikia "Iko" huku anacheka, kicheko cha sauti, kimetoka nje. Nikamtafuta aliyekuwa anacheka. Alikuwa ni mama, amesimama getini, mkungu mdogo wa ndizi kichwani, miguu imevimba kwa kukaa, uso kama wa msichana aliyetoroka shule na hakukamatwa.

Nilijua jioni kamati itakuja kudai ripoti, na mwenyekiti atataka kujua bei, stendi, saa, kila kitu, kwa sababu wiki yote alikuwa akipita kwetu kuniuliza kama kweli mtu mmoja anakubaliwa. Kwa hivyo nilikuwa na muda mfupi wa kumpata peke yangu. Nilimtua ndizi. Nikamwekea maji kwenye lile karai. Akatia miguu, akafunga macho.

"Ilikuwaje, mwaitu?"

Hakufungua macho.

"Kitanda cha pili hakikupata mtu," akasema. "Nikalala cha chini mpaka nikachoka nacho, nikapanda nikalala cha juu. Sasa mpe huyo kuku maji, unamtesa."